Kuinua Hilux bila kuiharibu: spesa za mbele, springi za nyuma, na vipimo vya kuchukua kwanza

"Fundi, nataka kuinua pikapu yangu, niweke inchi ngapi?" Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na kila mara nalijibu kwa swali: unabeba nini, na mara ngapi? Anayeshusha viazi kutoka Njombe msimu mzima hawezi kupewa jibu moja na anayekwenda shamba Jumamosi na jembe mbili nyuma. Nimeandika mwongozo huu ili ujue cha kununua kabla ya kutoa pesa, na ukiamua kufunga mwenyewe, ufunge gari litakaloweza kusimama kwa breki.

Mfano wangu ni Toyota Hilux ya 4x4, Vigo (2005 hadi 2015) na Revo iliyofuata. Mbele ina springi za koili zilizovishwa kwenye shokapu, nyuma ina springi za majani na ekseli nzima. Ford Ranger kuanzia umbo la 2011, Isuzu D-Max kuanzia umbo la 2012 na L200 za karibuni zimeundwa kwa mtindo huohuo, ila saizi za spana na bolti zinatofautiana. Kama yako ni ya zamani yenye toshenbaa mbele (fito za chuma zinazosokotwa badala ya springi za koili), nenda kwenye sehemu yake huko chini.

Kusawazisha au kuinua?

Pikapu hutoka kiwandani pua ikiwa chini kidogo kuliko mkia. Nyuma imeachwa juu makusudi, ili mzigo ukipanda gari likae sawa. Kusawazisha ni kupandisha mbele peke yake hadi ilingane na nyuma. Kuinua ni kupandisha mbele na nyuma.

Kusawazisha ni rahisi na bei yake ni ndogo, ndiyo maana wengi wanakimbilia huko. Lakini kama unabeba mzigo wa kweli, ukishasawazisha halafu ukapakia, mkia unazama na pua inaangalia juu. Usukani unakuwa mwepesi, magurudumu ya mbele yanashika barabara kidogo, na taa zako zinawapiga machoni wanaokuja. Kwa mbeba mizigo nashauri ainue pande zote, na nyuma afunge springi zinazolingana na uzito anaobeba.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila mteja: springi ngumu haziongezi uzito ulioruhusiwa. Kibao cha gari kinasema kilekile, na ekseli, breki na bearingi ni zilezile.

Pima kwanza, nunua baadaye

1. Egesha kwenye sakafu tambarare, si uwanja wa udongo. Jaza upepo wa tairi unaotakiwa. Acha kwenye gari vitu ambavyo hukaa humo siku zote, kama spea na boksi la spana.
2. Kwenye kila gurudumu, pima wima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa chini wa madigadi. Usipime kutoka chini ya tairi, maana upepo na ukubwa wa tairi vitakudanganya. Andika namba nne kwa milimita.
3. Pima pia kutoka ardhini hadi chini ya kizingiti cha milango, mwanzoni na mwishoni mwake. Hapo ndipo utaona pua na mkia vinavyopishana.
4. Pakia mzigo wako wa kawaida, ule wa siku ya kazi. Rudia vipimo vyote.
5. Usiku, egesha mita 10 kutoka ukutani, washa taa za chini, weka alama ya utepe pale mwanga unapokatikia, na alama ya chaki pale tairi za mbele ziliposimama. Utazihitaji mwishoni.

Sasa soma namba zako. Kama ukiwa na mzigo mwisho wa kizingiti tayari uko chini kuliko mwanzo wake, usiguse mbele kabla ya kutengeneza nyuma. Kama upande mmoja umepishana na mwingine kwa zaidi ya sentimita moja, au majani ya springi yamelala au kupinda kinyume, springi zimechoka. Spesa (kipande cha kuongezea urefu) juu ya springi iliyochoka haiponyi kitu.

Kiwango changu kwa gari linalobaki na wishboni zake za asili (mikono inayoshika gurudumu) ni milimita 40 hadi 50, basi. Ukipita hapo, draivu shafti (zinazozungusha magurudumu ya mbele) na boljointi (viungo vya ncha za wishboni) zinafanya kazi zikiwa zimepinda sana, na itakubidi ununue wishboni za juu za aina nyingine na vipande vya kushushia difu ya mbele. Kazi hiyo ni nyingine kabisa, na si ya kuanzia.

Ununue nini

Kwa mbele una njia mbili. Ya kwanza ni spesa inayokaa juu ya shokapu, na hii ndiyo utakayoweza kufunga mwenyewe. Elewa hesabu yake: shokapu imefungwa katikati ya wishboni ya chini, si kwenye gurudumu, kwa hiyo spesa ya milimita 25 inapandisha gari karibu milimita 50. Watu wananunua spesa ya 50 wakidhani watapata 50, wanaishia na gari lililosimama kama ngamia na buti za draivu shafti zimechanika ndani ya miezi michache.

Njia ya pili ni springi na shokapu mpya zilizotengenezwa kwa urefu huo. Seti za Australia kama Old Man Emu na Ironman zinapatikana katika miji mikubwa. Ni ghali zaidi na ni bora zaidi, hasa kama shokapu zako zimeshavuja. Mwombe muuzaji akufungie springi kwenye shokapu kwa mashine yake kabisa. Springi ya koili iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu, na vibanio vya kukodi vyenye nyuzi zilizoliwa si vya kuaminiwa.

Kwa nyuma kuna nne: kuongeza jani, kubadili springi nzima, bloku kati ya springi na ekseli, au sheko ndefu (kile chuma kinachoning'iniza ncha ya nyuma ya springi). Sheko sipendi: ukiongeza urefu wake milimita 50, gari linapanda kama 25 tu, difu inageuka pembe na gari linayumba kwenye kona. Bloku inafaa gari lisilobeba sana, iwe moja tu, ya chuma au alumini. Usipange mbili, na usikubali ya mbao hata ukiambiwa ni mninga. Kwa mbeba mizigo, jani la kuongeza au springi nzima.

Vitu vya kuwa navyo

- Jeki ya magurudumu ya tani 2 au zaidi, na ya pili ndogo
- Stendi nne za chuma. Tofali za bloku hupasuka bila kutoa dalili. Usiingie chini ya gari lililokaa juu ya tofali
- Soketi na ringi spana, milimita 12 hadi 24, na bomba la kuongezea urefu
- Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukazia), na kitabu cha gari chenye namba za kukazia
- Nyundo, pau ya kupenyeza, koleo, waya au kamba imara
- Jivise au klempu mbili nzito, kwa ajili ya majani
- U-bolti mpya (zinazofunga springi kwenye ekseli) na nati zake, senta bolti mpya (inayoshika majani pamoja), pini mpya za kufungia nati za boljointi
- Mafuta ya kulegeza kutu, grisi, chaki
- Mtu wa pili

Nyunyizia bolti zote mafuta ya kulegeza kutu jana yake. Kwa magari ya Dar, Tanga au Mombasa anza siku mbili kabla, kwa sababu hewa ya chumvi huigandisha bolti ya chini ya shokapu ndani ya bushi yake. Hiyo bolti moja imewahi kunila masaa manne.

Mbele: kufunga spesa

1. Weka vizuizi kwenye tairi za nyuma, vuta handibreki, tia gia. Legeza nati za magurudumu yote mawili ya mbele robo mzunguko gari likiwa bado chini.
2. Inua kwa chesisi, si kwa wishboni. Weka stendi mbili chini ya chesisi, shusha gari likae juu yake, kisha lisukume kwa nguvu ubavuni. Likitikisika, anza upya. Toa magurudumu na uyalaze chini ya chesisi kama kinga ya ziada.
3. Fungua linki za stabilaiza (fito inayozuia gari kulala kwenye kona) pande zote mbili. Ukifungua upande mmoja tu, ule mwingine utakupinga kazi yote.
4. Fungua kishikizo cha mpira wa breki na cha waya wa ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) ili vilegee. Waya wa ABS ukivutwa hukatika kwa ndani, huoni kitu hadi taa iwake kwenye dashibodi.
5. Chora kwa chaki upande wa shokapu unaotazama nje.
6. Weka jeki ndogo chini ya wishboni ya chini, iguse tu. Fungua bolti ya chini ya shokapu.
7. Fungua nati tatu za juu. Nati ya katikati usiiguse kabisa. Ndiyo inayoshikilia springi iliyobanwa. Ukiifungua, springi inaruka na chochote kilicho mbele yake, pamoja na uso wako.
8. Shusha jeki polepole huku mwenzako akisukuma wishboni chini kwa pau, utoe shokapu. Isipotoka, toa pini ya boljointi ya juu, rudisha nati nyuzi chache bila kuitoa, gonga ubavu wa nakoli (chuma kinachobeba gurudumu) hadi boljointi iachie. Usigonge ncha yenye nyuzi. Kabla ya kutoa nati yote, funga nakoli kwa waya kwenye chesisi. Ikining'inia itavuta mpira wa breki, au itachomoa draivu shafti kwenye jointi ya ndani.
9. Kaa na shokapu mezani. Weka spesa juu yake, kaza nati zake, hakikisha mashimo mapya yanaelekea kule kule yalikoelekea ya zamani.
10. Rudisha. Nati tatu za juu kwanza, kwa mkono. Kisha inua wishboni kwa jeki hadi tundu la chini lilingane, pitisha bolti ikiwa na grisi nyembamba mwilini, si kwenye nyuzi. Usiikaze bado.
11. Boljointi ikaze kwa namba ya kitabu na uweke pini mpya. Rudisha vishikizo vya breki na ABS. Fanya upande wa pili.
12. Magurudumu yakiwa bado yananing'inia, mwenzako akate usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho. Wewe angalia mpira wa breki: usikazike, usiguse kitu. Zungusha draivu shafti kwa mkono. Ikikwama mahali, umeinua kupita kiasi.
13. Vaa magurudumu, shusha gari, lisukume juu chini mara kadhaa. Sasa ndipo ukaze bolti ya chini ya shokapu na linki za stabilaiza kwa toki.

Hatua ya 13 ndiyo inayorukwa zaidi. Bushi ya mpira imeshikana na chuma chake cha ndani. Ukiikaza gari likiwa linaning'inia, mpira unabaki umesokotwa kila saa gari linapokuwa chini, na baada ya muda unachanika. Mteja anarudi na kelele za "ku-ku-ku", anaambiwa spesa ni mbovu, wakati spesa haina kosa lolote.

Nyuma: kuongeza jani

1. Vizuizi viwe kwenye tairi za mbele. Inua, weka stendi chini ya chesisi mbele ya mshikio wa springi, toa magurudumu. Jeki kubwa ibaki chini ya difu ikibeba ekseli.
2. Fungua bolti za chini za shokapu. Legeza vishikizo vya mpira wa breki, waya wa handibreki na kile kibomba cha kupumulia difu.
3. Tafuta kifito kinachounganisha ekseli na vali ya breki iliyo juu ya chesisi. Hilux nyingi zinayo. Kifungue upande mmoja na ukumbuke kilivyokaa.
4. Shughulika na springi moja kwa wakati. Fungua U-bolti, shusha ekseli taratibu.
5. Bana majani kwa klempu mbili, kila upande wa senta bolti. Toa senta bolti, kisha legeza klempu kidogo kidogo kwa zamu.
6. Panga jani jipya mahali pake kwa urefu: refu juu, fupi chini. Lisikae chini ya jani la kubebea mzigo lililonyooka, wala kuzidi lile lililo juu yake. Safisha kutu, paka grisi ncha zinapogusana.
7. Bana tena, pitisha senta bolti mpya, kaza, kata ncha iliyozidi.
8. Inua ekseli hadi kichwa cha senta bolti kiingie kwenye tundu lake. Tazama kwa macho, gusa kwa kidole. Kisipoingia, ekseli itakaa mshazari na gari litatembea ubavu kama kaa.
9. Funga U-bolti mpya, zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, hadi namba ya toki. Za zamani zimeshavutika. Zikirudishwa hulegea zenyewe barabarani.
10. Rudisha shokapu. Kama gari limepanda na shokapu ya zamani imenyooka hadi mwisho, nunua ndefu zaidi, vinginevyo yenyewe ndiyo itakayobeba ekseli kwenye kila shimo.
11. Rudisha kifito cha vali ya breki kwa kipande cha kukirefusha au kwa kusogeza kishikizo, ili kikae kwenye pembe ileile ya awali.

Nitasimama hapo kwenye hatua ya 11. Vali hiyo inapima mzigo kwa umbali kati ya chesisi na ekseli. Ukiinua nyuma milimita 50 bila kuirekebisha, inaamini gari ni tupu na inapunguza nguvu ya breki za nyuma, hata kama umebeba nondo. Niliwahi kupokea Vigo iliyoinuliwa kwingine, mwenyewe akilalamika kwamba breki zimekuwa "ndefu" akishuka mlima wa Kitonga na mzigo. Pedi nzima, dramu nzima, oili safi. Kifito kilikuwa kimefungwa vilevile kama zamani, kimevutwa hadi mwisho. Kazi ya nusu saa ilikuwa imerukwa.

Zenye toshenbaa

Hilux nyingi za kabla ya Vigo, D-Max za kwanza, Nissan Hardbody na Ranger za zamani hazina koili mbele. Unainua kwa kukaza bolti ya kurekebishia iliyo mwisho wa toshenbaa.

1. Pima, kisha inua gari hadi magurudumu yaning'inie. Kamwe usikaze bolti hiyo ikiwa na uzito, nyuzi zitaliwa.
2. Safisha nyuzi, tia mafuta, piga alama ya chaki, zungusha pande zote mbili idadi sawa ya mizunguko.
3. Shusha, sukuma gari mbele na nyuma mita chache, pima. Rudia.

Simama kwenye milimita 25 hadi 30. Wishboni ya juu ikishagusana na mpira wake wa kuzuia wakati gari limesimama, gurudumu halina nafasi ya kushuka shimoni, na kila shimo litapiga kama nyundo.

Kabla hujaingia barabarani

Kanyaga breki mara kadhaa gari likiwa limesimama. Tembea kilomita chache uwanjani au barabara tupu, jaribu breki mwendo wa 20, kisha 40. Rudi, chungulia chini, gusa kila ulichofungua.

Nenda alaimenti (kupangwa pembe za magurudumu) siku hiyohiyo, si wiki ijayo. Kuinua mbele kunabadilisha pembe zote, na tairi mpya zinaweza kuliwa upande mmoja ndani ya safari chache. Mwambie fundi wa alaimenti kwamba gari limeinuliwa, ili ashughulikie kasta pia (mwinamo wa mhimili wa usukani kwenda mbele au nyuma) na si kuelekeza magurudumu tu.

Taa zinafuata. Hilux ya milango minne ina milimita 3,085 kati ya ekseli na ekseli. Ukipandisha pua peke yake milimita 50, mwanga ukutani mita 10 mbele unapanda karibu sentimita 21, na kadiri umbali unavyoongezeka unazidi kupanda. Rudi kwenye ukuta wako, simama palepale kwenye chaki, zungusha skrubu za taa hadi mwanga urudi kwenye utepe.

Kaza tena U-bolti na nati za magurudumu baada ya kilomita 100, kisha 500. Iarifu kampuni ya bima kabla hujaanza kutumia gari, na uulize mamlaka ya ukaguzi ya nchi yako wanachohitaji kwa gari lililobadilishwa.

Ikileta shida

*Gari linavuta upande mmoja.* Badilisha tairi za mbele kushoto kwa kulia. Likivuta upande mwingine, shida ni tairi. Lisipobadilika, rudi alaimenti.

*Usukani haurudi wenyewe baada ya kona.* Kasta imepungua. Kama bolti za kurekebishia zimefika mwisho, punguza urefu au nunua wishboni za juu zilizotengenezewa hilo.

*Linatetemeka ukiondoka, hasa na mzigo.* Pembe ya propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu nyuma) imebadilika. Hilux ndefu zina bearingi ya katikati. Kuishusha kwa vipande vyembamba vya chuma mara nyingi humaliza tatizo.

*Kelele mbele kwenye matuta.* Anza na nati tatu za juu, kisha linki za stabilaiza, kisha bolti ya chini. Ukikuta bushi imesokotwa, legeza gari likiwa chini na ukaze upya.

*Taa ya ABS imewaka.* Kagua waya wa gurudumu ulilolifanyia kazi mwisho, hasa pale ulipopinda karibu na nakoli.

*Upande mmoja uko chini.* Tofauti ya milimita chache upande wa dereva ni ya kawaida na kuna spesa nyembamba za milimita 5 hadi 10 za kuirekebisha. Ikizidi sentimita, angalia kama umechanganya springi za kushoto na kulia.

*Nyuma ni ngumu mno gari likiwa tupu.* Umefunga springi za uzito usioubeba. Toa jani moja, au kama uliuziwa seti nzima, rudi dukani na vile vipimo vyako vya tupu na vya mzigo, ubadilishiwe kwa namba.